Kopo la Ugoro

Watu wa Kirumba nawajua kwa viatu.
Raba nyeupe zilizokanyagwa kisigino ni Lufunga, mwanangu;
kandambili zisizolingana rangi, jirani yangu Mama Ng'washi;
na yule wa mikopo, vyake hung'aa hata siku za tope.
Miaka sita sasa sijauona uso wa mtu aliyesimama
bila kwanza kutafuta ukuta wa kuegemea.

Kanga iliyokuwa ikinifika kifundoni
mbele inaburuza, nyuma imepanda.
Milembe anasema nimefupika. Sijafupika,
nimekunjwa, kama turubai la kuanikia dagaa
lililokunjwa kabla halijakauka.

Jumanne tulipanda kilimani, hospitali.
Daktari ni kijana, kucha safi, sauti bado mpya.
Akaitundika picha yangu kwenye taa:
mgongo mweupe umekwenda kushoto, ukajuta, ukarudi kulia,
kama njia ya mbuzi kati ya mawe ya Mabatini.
"Bibi, tunaweza kuunyoosha.
Vyuma viwili, parafujo kumi na sita.
Masaa manane mezani, pengine tisa."

Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole,
na nilimpenda kwa hilo, maana hakuharakisha:
damu nyingi kumwagika,
usaha kuingia kidondani,
donge la damu kupanda toka mguuni hadi kifuani,
mguu kufa ganzi usiamke tena,
parafujo kung'oka, turudi mezani upya.
Katika watu kumi wa umri wako, akasema,
wanne, pengine watano, hupatwa na moja kati ya haya.
Kufa nako akakutaja, kwa sauti ya chini,
kama mtu anayemtaja mkwewe.

Raba nyeupe zikaenda mlangoni.
Milembe akauliza bima inalipa kiasi gani.
Mimi nikamkumbuka marehemu Ndalahwa,
fundi wa mitumbwi kule Igombe,
alivyokuwa akiugonga ubao kwa kifundo cha kidole,
sikio karibu, kabla hajashika nyundo.
"Ubao mzee haukatai msumari," alikuwa akisema.
"Huupokea kwa adabu,
kisha huuachia mkiwa katikati ya ziwa."

Nikamwuliza daktari: wewe umeugonga ubao wangu?
Akacheka. Halafu hakucheka.
Akaandika kipimo cha mifupa, sindano za miezi sita,
"na ugoro, Bibi, uache kabisa.
Mfupa wa mtu wa tumbaku hauungi vizuri."

Damu siiogopi. Nimezaa saba, nimezika watatu.
Niliogopa lile alilolisema mwisho, akifunga faili:
kwamba usingizi wa dawa huwavuruga wazee,
wengine huamka wakiwaita wanao kwa majina ya wafu,
siku mbili, wiki,
wengine zaidi.
Nisimame ana kwa ana na Milembe,
nimtazame usoni bila ukuta,
nisijue ni nani?
Biashara gani hiyo?

Lakini usiku, nimelala ubavu, goti kifuani,
maumivu yakishuka toka kiunoni hadi unyayoni
kama maji ya moto kwenye bomba bovu,
nasema: leteni parafujo, leteni hata ishirini.
Asubuhi nikipata chai, nabadilika.

Fomu iko chini ya godoro. Haina saini.
Nimemwambia daktari anipe mpaka mvua za vuli.
Leo nimemwita mjukuu, Kwandu,
viatu vya shule, soksi moja imeshuka.
Nimempa kopo langu la ugoro, la bati,
lenye alama za meno yangu kwenye kifuniko.
Kaliweke juu, nikamwambia,
juu kabisa, kwenye kenchi,
huko nisikoweza kutazama.

Viatu vilipofika mlangoni nikaviita tena.
Usilitupe.